Menghai 7572: Pu'er ya kuanzia

Anayetaka kuijua Pu'er iliyochachushwa, chai ya Kichina, aanze na 7572 ya kiwanda cha Menghai, mkoani Yunnan, China. Namba inajieleza: 75 ni mwaka wa fomula, 1975, 7 ni daraja la majani, 2 ni kiwanda. Huuzwa ikiwa imeshindiliwa kama kisahani cha gramu 357.

Usiikate kwa kisu cha jikoni; majani yatasagika na chai itatoka chungu. Chomeka kitu chembamba chenye ncha ubavuni, unyanyue tabaka kwa tabaka. Pima gramu 7 kwa mililita 120, maji yakiwa yanatokota hasa. Mwaga maji ya kwanza baada ya sekunde 5, kisha loweka ya kunywa, ukianza na sekunde 10. Inatoka nyekundu iliyokolea, inanukia udongo uliolowa na mbao kuukuu, na ina utamu wa tende kwa mbali. Inateleza kooni vizuri mno.

Ikiwa mpya huwa na shombo kidogo, kwa sababu majani yalirundikwa yamelowa kwa wiki kadhaa yachachuke. Ipe miaka 2 hadi 5, itaondoka. Baada ya hapo hubadilika polepole tu, maana lundo limeshafanya kazi kubwa. Wa kuweka miaka 20 anunue Pu'er mbichi, isiyorundikwa.

Ihifadhi gizani, unyevu asilimia 60 hadi 70, mbali na iliki, karafuu na sabuni, kwani hunyonya kila harufu. Unyevu ukizidi, ukungu huingia. Ukiwa wa kijani au mweusi, tupa kisahani chote.