Mvua ya Ngudu na mvua ya Nansio

Zote zinanyesha mkoani Mwanza, ila mkulima wa Nansio, Ukerewe, akihamia Ngudu, Kwimba, itabidi ajifunze upya kusoma mawingu.

Ukerewe ni kisiwa. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu inapanda juu, na alfajiri unaamshwa na radi. Ukitoka nje, majani ya mihogo bado yanadondosha maji.

Kwimba iko ndani zaidi, na pepo za mashariki husukuma mawingu mengi ya ziwani upande wa Bukoba. Mvua za Ngudu huanza Oktoba au Novemba, Januari na Februari zinaweza kukatika kwa majuma, kisha zinarudi Machi hadi Mei. Huko kukatika ndiko kunakomliza mwenye mahindi. Yanatoa mbelewele, mvua hakuna, na saa nne asubuhi majani yameshajikunja kama mkeka. Mtama nao hujikunja, lakini ukipata manyunyu unaamka. Mahindi hayasamehi.

Ila ardhi nyeusi ya mbugani, ile inayopasuka kiangazi mpaka mguu unazama, inashika maji ajabu. Wasukuma huinua matuta ya majaluba, yaani vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa kingo za udongo, wakayanasa maji yanayoteremka kutoka vilimani.

Kwa mpunga ningeenda Kwimba bila kufikiri mara mbili. Kwa mihogo na machungwa, Ukerewe, japo shamba huko ni la kugombania na ndugu. Juni hadi Agosti usiulize. Pote ni kiangazi.