Mfuko wa suti kwa refa anayevuka bahari: unafaa wapi, unakwama wapi

Mfuko wa suti unaokunjika pande tatu ulishonwa kwa ajili ya bwana harusi na mtu wa ofisini. Refa wa Unguja aliyepangiwa mechi Uwanja wa Gombani, Pemba, au wa Pemba anayekuja Uwanja wa Amaan, Unguja, akiuchagua vizuri utamfaa kuliko begi la mgongoni ambamo jezi hukandamizwa na njumu. Ila si kila mfuko unaoning'inia madukani Darajani ni wa safari.

Upo mwembamba, wa kitambaa kinachofanana na barakoa. Huo ni wa kuzuia vumbi kabatini, rasharasha ya bahari inaupenya. Upo wa plastiki angavu: maji hayaingii, na unyevu uliomo hautoki. Jezi ikiingia mbichi kidogo tu, kwa joto letu itatoka inanuka uvundo, na ikilala humo siku mbili tatu itaota madoa meusi ya ukungu. Unaostahili pesa ni wa nailoni nzito yenye utando wa kuzuia maji kwa ndani na kidirisha cha wavu upande mmoja.

Tazama zipu kabla ya kutazama rangi. Meno ya chuma hayadumu kwenye hewa ya chumvi; yanaota kutu, yanakwama, na ukilazimisha yanang'oka. Chukua yenye meno ya plastiki, na hata hiyo ipake mshumaa mara kwa mara. Henga ya waya inayokuja na mfuko iache nyumbani, kwani ikipata unyevu huacha mstari wa kutu ndani ya kola, na kwenye jezi ya njano mstari huo hautoki kwa sabuni ya kawaida. Henga pana ya plastiki ndiyo inayolinda mabega.

Kasoro kubwa ni urefu. Mfuko una kama sentimita 100 na jezi ina kama 75, kwa hiyo chini panabaki tupu na nguo inateleza kila mfuko unapoinuliwa. Dawa yake ni kupanga hivi: jezi ya kwanza kwenye henga, vifungo vyote vimefungwa, ya pili juu yake, imetazama upande wa pili ili kola zisilaliane. Bukta ikunjwe kwa kufuata mshono na kuwekwa kwenye kijiti cha henga. Soksi jozi mbili, zimelazwa bapa bila kufanywa donge, zijaze pale chini. Kila mahali mfuko unapokunjwa, weka taulo nyembamba iliyoviringishwa, ili mkunjo uwe wa duara badala ya kuwa mkali kama karatasi.

Jezi mbili si anasa. Sheria za mchezo zinataka rangi za wachezaji zitofautiane na za waamuzi, na makipa nao wawe na rangi yao. Anayefika na nyeusi peke yake akakuta timu imevaa nyeusi ataazima, na jezi ya kuazima haina hadhi hata ikipigwa pasi.

Wengi wanaolaumu mfuko kwa mikunjo wamekosea kwenye pasi. Jezi nyingi za refa ni za poliesta. Kitambaa hicho hulainika kwa joto na kushika umbo linalokikuta wakati kinapoa. Ukiifungia jezi ingali moto, umeupiga pasi mkunjo. Weka pasi kwenye alama ya nukta moja, yaani joto la chini, tandika kipande cha kanga ya pamba juu ya jezi iliyogeuzwa nje ndani, kisha itundike dakika 10 hadi 15 ipoe kabisa. Pasi ya mkaa haina nukta: ijaribu kwanza kwenye kanga yenyewe, na ipulize majivu mbali na nguo.

Beji ibanduliwe kabla ya safari. Upande mkali wa velkro, ule utepe wa kunata unaoishika, huvuta nyuzi za jezi ya jirani, na uzi ukishavutika haurudi. Ihifadhi katikati ya daftari la mechi, pamoja na kadi.

Kwenye boti, usikubali mfuko uingie kwenye rundo la mizigo. Ulaze juu ya begi lako, mbali na mlango unaopokea maji. Kwenye Mkondo wa Nungwi, kati ya Unguja na Pemba, bahari ikichafuka, jirani anaweza kutapika bila kukuuliza, na hapo utauona umuhimu wa nailoni. Ukishuka bandari ya Mkoani, Pemba, na kupanda gari la Chake Chake, upakate mapajani. Juu ya keria kuna mikungu ya ndizi, na utomvu wa ndizi kwenye nguo ni doa la maisha.

Ukifika, ufungue mfuko mara moja na uutundike wazi. Mikunjo midogo inyunyizie maji kidogo, inyooshe kwa kiganja, na uiache jezi mbele ya feni nusu saa.

Safari ya kurudi ndipo mfuko huu unapoonesha udhaifu wake: hauna pahala pa nguo mbichi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Visiwani zamani kabla ya Bara, kwa hiyo uwe na mfuko wa pili wa turubai kwa jezi yenye jasho na njumu zenye udongo mwekundu. Zikung'ute udongo ukiwa mkavu na uzijaze gazeti. Jezi isuuze kwa maji baridi usiku huohuo, bila jiki, kwa sababu jasho likikaukia kwenye nyeusi huacha ramani nyeupe kwapani.

Mpini nao ni wa kuangaliwa: unashonwa mstari mmoja tu pale kwenye kona. Mpelekee fundi aongeze mshono wa msalaba kabla ya safari ya kwanza. Na ukirudi nyumbani, ufute mfuko kwa kitambaa chenye maji baridi, zipu hasa, kisha uuanike kivulini ukiwa wazi.