Argo CD: hodari wa kuifuata Git, mradi usiitwishe kazi isiyo yake

Argo CD ni programu huria inayokaa ndani ya klasta ya Kubernetes (kundi la mashine linaloendesha programu zilizofungashwa) ikihakikisha kwamba kinachoendeshwa humo ndicho kilichoandikwa Git (hifadhi ya faili inayotunza kila badiliko). Ilianzia kampuni ya Intuit, ikaingia CNCF (taasisi inayolea miradi huria ya wingu) mwaka 2020, na Desemba 2022 ikapanda hadi ngazi ya juu kabisa ya miradi ya taasisi hiyo. Timu yenye huduma ndogondogo kumi na kuendelea kwenye GKE au EKS (Kubernetes ya Google na ya Amazon) ichukue bila kusita. Mwenye huduma mbili tatu hana haja nayo: skripti fupi ya `kubectl apply` (amri ya kupeleka faili za mipangilio klastani) ndani ya GitHub Actions (huduma ya GitHub ya kuendesha kazi kiotomatiki) inamtosha, tena inamwepushia kulisha podi (vitengo vinavyoendesha programu klastani) saba za ziada.

Sifa yake kubwa ni mwelekeo wa kazi. Kwa utaratibu uliozoeleka, mfumo wa CI (wa kujenga na kupima msimbo kiotomatiki) hujenga imeji (kifurushi cha programu) kisha wenyewe huingia klastani kuipandisha, maana yake funguo za klasta zinalala nje ya klasta, na anayeuvunja mfumo huo ameshapata kila kitu. Hapa klasta yenyewe ndiyo inayokwenda kuchukua. CI hujenga imeji, huipeleka kwenye rejista (ghala la imeji), hubadilisha tagi (lebo ya toleo la imeji) katika repo (hifadhi ya Git) ya mipangilio, basi. API ya klasta inaweza kufungiwa kwenye mtandao wa ndani, na mtandao wa mhandisi ukikatika katikati ya zoezi, toleo halibaki nusu nusu.

Kuisimika ni amri mbili:

`kubectl create namespace argocd`
`kubectl apply -n argocd --server-side --force-conflicts -f https://raw.githubusercontent.com/argoproj/argo-cd/stable/manifests/install.yaml`

Usiiache `--server-side`. Bila hiyo kubectl hujaribu kunakili kila kitu kizima kwenye anotesheni yake, na CRD (ufafanuzi wa aina mpya ya kitu cha Kubernetes) ya ApplicationSet ni nene kupita kikomo cha baiti 262144, kwa hiyo utapata `metadata.annotations: Too long`. Nenosiri la kwanza la `admin` limo kwenye Secret (kitu cha Kubernetes cha kutunza siri) iitwayo `argocd-initial-admin-secret`. Libadilishe, kisha ifute Secret hiyo. Na kama TLS (usimbaji wa HTTPS) inaishia kwenye Ingress (lango la kuingilia klasta), weka `server.insecure: "true"` katika ConfigMap `argocd-cmd-params-cm` na uanzishe upya `argocd-server`, la sivyo kivinjari kitazungushwa huku na huku mpaka kikate tamaa.

Wengi hushangaa kwamba baada ya hapo hakuna kinachopanda chenyewe. Usawazishaji wa moja kwa moja umezimwa tangu mwanzo, na hata ukiuwasha, `prune` na `selfHeal` huwashwa kila moja peke yake. Washa `selfHeal` mapema, kwa sababu ndiyo inayofuta marekebisho ya kienyeji ambayo watu hufanya usiku kwa `kubectl edit`. Lakini ondoa kwanza `replicas` (idadi ya podi) kwenye faili za huduma zenye HPA (kidhibiti kinachoongeza na kupunguza podi kulingana na mzigo). Ukiiacha, HPA itapandisha podi hadi nane, Argo CD itazirudisha mbili kama Git inavyosema, na vita hivyo havina mshindi. `prune`, inayofuta klastani kilichoondolewa Git, isubiri hadi timu izoee: faili likihamishwa kimakosa, nayo inafuta kilichoundwa kutokana na faili hilo.

Argo CD huitazama Git kila baada ya dakika tatu hivi. Ukiona ni nyingi, elekeza webhuku (taarifa ya papo hapo ya badiliko) ya repo kwenye `/api/webhook`.

Makosa yanayosumbua zaidi hutokana na kuitarajia ifanye kazi za wengine. Haijengi imeji wala haichunguzi rejista. Ukitumia tagi `latest`, faili la YAML halibadiliki, Argo CD inaona kijani kila mahali, na podi za zamani zinaendelea kama hakuna kilichotokea. Tumia SHA ya komiti (kitambulisho cha badiliko la Git) kuwa tagi. Vilevile imeji iliyojengwa kwenye Mac ya M1 na kupelekwa kwenye nodi (mashine za klasta) zenye kichakataji cha amd64 itasawazishwa vizuri kabisa, kisha ife kwa `exec format error`. Jenga kwa `--platform linux/amd64`.

Kwenye Helm (zana inayofunga faili za Kubernetes katika vifurushi viitwavyo chati) ndipo inapoudhi. Haisimiki chati, huiendesha `helm template` tu na kuyatumia matokeo. Kwa hiyo `helm list` haionyeshi kitu, na `lookup` (ya kusoma kilichopo klastani) hurudi tupu. Chati inayotunga nenosiri kwa `randAlphaNum` itatunga jipya kila mara, programu (Application, yaani kundi la vitu ambalo Argo CD hulisimamia kwa pamoja) haitoki kwenye OutOfSync (hali ya kutolingana na Git), na usawazishaji ukijirudia, nenosiri la hifadhidata linabadilika huku hifadhidata yenyewe ikishikilia la zamani. Tunga nenosiri nje na ulilete kwa External Secrets Operator (zana ya kuleta siri kutoka hifadhi ya nje).

Kwa mabadiliko ya jedwali za hifadhidata, Job (kazi ya Kubernetes inayoendeshwa hadi imalizike) yenye huku (hook, yaani hatua maalumu ya usawazishaji) ya PreSync inafaa, ila ina mtego mmoja: hutangulia vitu vyote vingine vya programu hiyo. Siku ya kwanza kabisa, Secret ambayo Job hiyo inaihitaji haijaundwa, na podi inakwama kwa `CreateContainerConfigError`. Ihamishie Secret hiyo kwenye programu nyingine inayotangulia, au ifanye Job kuwa huku ya Sync na uipange kwa `sync-wave`, Secret ikiwa na namba ndogo zaidi.

Kurudi toleo la nyuma kumepangwa kwa busara kali. `argocd app rollback` hukataa pale usawazishaji wa moja kwa moja unapowashwa, kwa kuwa Git ingelirudisha toleo bovu papo hapo. Tumia `git revert`. Jedwali zilizokwisha kubadilishwa hazitarudi kwa njia hiyo, basi mabadiliko ya hifadhidata yaandikwe ili toleo la zamani nalo liweze kuishi nayo.

Kabla ya kufuta programu kwa `kubectl delete`, tazama kama ina `resources-finalizer.argocd.argoproj.io`. Ikiwa nayo, huduma zote zilizo chini yake zinaondoka pamoja nayo. Isipokuwa nayo, zinabaki zikiendeshwa bila msimamizi, pamoja na kisawazisha mizigo cha wingu kinachoendelea kuhesabiwa kwenye bili.