Uzoefu wangu: safari yetu ya kwanza ya familia ng'ambo, siku nne Disneyland Paris

Tulianza kuipanga safari hii miezi minane kabla ya kuondoka, tukiwa watu watano: mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka 10, mdogo wake wa kiume wa miaka 5, na mama yangu mzazi, mwenye miaka 66 na goti la kulia linalomsumbua kwa muda sasa. Mume wangu peke yake ndiye aliyekuwa amewahi kwenda ng'ambo, tena kikazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kukanyaga bustani ya burudani ya ukubwa huo. Naandika tathmini hii kwa ajili ya familia yenye hamu kubwa na fedha za kuhesabu, kama tulivyokuwa sisi. Bustani yenyewe naipa sifa zote. Mipango yetu naipa nusu ya sifa, kwa sababu tulizihangaikia sana karatasi tukasahau kuwaangalia vizuri wasafiri wenyewe, urefu wao, miguu yao na saa zao za kuchoka.

Tuliichagua Disneyland Paris kwa sababu ya usafiri wake. Iko Marne-la-Vallée, yapata kilomita 32 mashariki mwa Paris, na kituo cha treni cha Marne-la-Vallée–Chessy kiko hatua chache tu kutoka langoni. Kutoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, treni ya mwendo kasi hufika hapo kwa takriban dakika 10, na kutoka katikati ya Paris, treni ya RER A huchukua kama dakika 40. Bustani ya kwanza ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, na ya pili, iliyo jirani yake kiasi kwamba unatoka lango hili ukiliona lile, ilifunguliwa mwaka 2002. Kwa familia yenye mtoto mdogo na bibi, kutohitaji kukodi gari ni nafuu ambayo huwezi kuithamini mpaka siku unapoburuta masanduku manne huku mtoto amekulalia begani.

Viza ndiyo iliyotuchukulia muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Maombi ya viza ya Schengen, yaani ya kuingia Ufaransa na nchi nyingine za Ulaya zinazotumia viza moja, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala hayapaswi kuchelewa kupita siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufikia siku 45, kwa hiyo anayesubiri mwezi wa mwisho anacheza na fedha zake. Sisi tuliomba mapema na jibu likaja kwa wakati. Ada yetu ilikuwa yuro 90 kwa kila mtu mzima na yuro 45 kwa binti yetu. Mdogo wake, kwa kuwa hajafikisha miaka 6, hakulipiwa. Watoto walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole, jambo lililotupunguzia dakika kadhaa za kumbembeleza mwanangu mbele ya mashine. Bima ya safari lazima ifidie gharama za matibabu zisizopungua yuro 30,000, na nashauri uisome bima hiyo mwanzo hadi mwisho kwa niaba ya mzee unayesafiri naye, kwa maana ya kwanza tuliyoonyeshwa ilimkataa mtu wa miaka 65 na zaidi katika sentensi moja iliyofichwa ukurasa wa sita.

Pasipoti ya mama nusura ituangushe. Sharti ni kwamba pasipoti iwe hai kwa angalau miezi 3 baada ya tarehe unayopanga kuondoka katika nchi za Schengen, iwe na kurasa mbili tupu, na isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Ya mama ilikuwa inaisha miezi miwili baada ya kurudi kwetu, na sote tulikuwa tumeitazama tukasema iko sawa kwa kuwa tarehe ilikuwa bado mbele. Tuliigundua kasoro hiyo usiku mmoja tulipokuwa tukijaza fomu, tukairudisha fomu kwenye bahasha, na kesho yake asubuhi nikaenda na mama kuomba pasipoti mpya. Ikiwa utafanya jambo moja tu leo, zitandaze pasipoti zote mezani uhesabu miezi kwa vidole.

Kuhusu mawakala, nitasema kwa uchache. Wakala mmoja wa safari alitutaka tulipe hoteli na tiketi zote, malipo yasiyorudishwa, kabla viza hazijatoka, akisisitiza kwamba ubalozi hauwezi kutusikiliza bila risiti kamili. Tulimlipa malipo ya awali kisha tukasita, na kuzirudisha fedha hizo kulituchukua majuma mengi ya simu na barua. Baadaye tuliomba viza kwa hoteli tuliyoishika sisi wenyewe, ya aina inayoruhusu kufuta bila gharama, na maombi yakapokelewa bila swali. Sina kinyongo na kazi ya mawakala kwa jumla, lakini anayekuharakisha kulipa kabla hujapata ruhusa ya kuingia nchi anajilinda yeye, hakulindi wewe.

Wanaolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuingia bustanini mapema kabla ya wageni wengine, na kwa familia ya watu wanne yenye uwezo naona ni faida ya kweli. Sisi tulikuwa watano, na chumba cha watu watano ni adimu na ghali. Tulichukua nyumba ndogo yenye jiko eneo la Val d'Europe, kituo kimoja tu cha RER kabla ya Chessy, penye maduka makubwa ya chakula. Tangu Januari 2025, tiketi ya treni za Paris na viunga vyake ina bei moja bila kujali umbali, isipokuwa ya kwenda viwanja vya ndege, na mwaka huo ilikuwa yuro 2.50. Kifungua kinywa tulikula nyumbani, mikate ya mchana tulibeba kwenye begi, na akiba iliyopatikana ndiyo iliyolipia siku ya nne.

Tulikwenda Septemba 2025, shule za Ufaransa zikiwa zimeshafunguliwa, na kwa kuwa bei ya tiketi hubadilika kulingana na tarehe, tofauti ilionekana wazi. Watoto wa miaka 3 hadi 11 wana bei yao, na walio chini ya miaka 3 huingia bure. Mwenye mtoto anayekaribia kutimiza 12 na aitazame kalenda.

Siku ya kwanza tuliingia saa tatu na nusu asubuhi, na jambo la kwanza tulilofanya, kwa shauri la mume wangu, halikuwa foleni yoyote. Tulishuka chini ya ngome iliyo katikati ya bustani, kwenye pango la joka. Pale kuna giza, maji yanatiririka, na joka kubwa lililofungwa mnyororo shingoni limelala. Mwanangu alikuwa ameshika upindo wa gauni la bibi yake. Joka likafumbua jicho, likainua kichwa taratibu, moshi ukatoka puani, na ule mnyororo ukalia. Yeye hakulia. Alinong'ona, "Bibi, limefungwa. Haliwezi kutufikia." Tulirudi pango hilo mara tano katika siku nne, bila foleni wala nyongeza ya malipo.

Kisha ikaja saa ambayo bado inaniuma. Michezo mikali ina urefu wa chini unaokubalika kwa ajili ya usalama, na sisi, tukijiona waangalifu, tulikuwa tumempima mwanangu nyumbani mara tatu. Tulijua ana sentimita 104, tukajua anaruhusiwa Big Thunder Mountain, mchezo wa treni ya kasi inayotaka sentimita 102, na tukamwandaa kwa yote atakayokosa. Dada yake hatukumpima hata mara moja. Alikuwa mkubwa, basi. Mchezo aliokuwa akiuota, ule wa Indiana Jones et le Temple du Péril ambao vigari vyake vinampindua mtu kichwa chini, unataka sentimita 140. Tulipofika kwenye kipimo, mhudumu alimwomba asimame wima, akaweka mkono juu ya kichwa chake kwa upole, na kichwa kikabaki chini ya alama kwa upana wa kidole gumba. Sentimita 138. Mhudumu aliinama, akamweleza kwamba mkanda wa usalama umetengenezwa kwa mwili wa urefu fulani, na kwamba hana ruhusa ya kubadilisha hilo kwa mtu yeyote. Binti yangu alitikisa kichwa kama aliyeelewa, akatembea hatua kama kumi, ndipo akanigeukia: "Mama, mbona yeye mlimpima?"

Sikuwa na jibu. Mama yangu ndiye aliyemkalisha kwenye benchi akamfuta uso, na mume wangu akatoa simu kutafuta mchezo mwingine unaopindua watu. Upo. Hyperspace Mountain, katika eneo la Discoveryland, inataka sentimita 120 tu, na huko vigari hurushwa juu kama risasi ya mzinga kisha humpindua abiria mara tatu gizani. Walikwenda yeye na baba yake, mimi nikabaki na mdogo wake. Alitoka nywele zimesimama, akizihesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu. Hapo ndipo tulipoutumia utaratibu unaoitwa Baby Switch, ambao wazazi wenye mtoto mdogo wanapaswa kuujua mapema: mzazi mmoja anacheza huku mwingine akibaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila huyu wa pili kupanga foleni upya. Uliza mlangoni kabla hamjaingia foleni, maana utaratibu huandaliwa hapo.

Miguu ya mama tuliipuuza vilevile. Siku ya kwanza alitembea na sisi toka asubuhi hadi jioni, akikataa kila tulipomshauri apumzike, na usiku goti lilikuwa limevimba. Bustani hukodisha viti vya magurudumu na vigari vya watoto karibu na lango, na asubuhi ya siku ya pili nilimpeleka huko. "Mwanangu, mimi si mgonjwa," aliniambia, na kwa kweli hakuwa. Nilimweleza kwamba kiti ni cha barabara, michezoni ataingia kwa miguu yake. Alikubali kwa sharti kwamba mizigo yetu yote ikae miguuni pake, ili kiti kiwe kimekodiwa kwa ajili ya mizigo. Siku hiyo alifurahi kuliko sote. Alipanda mashua ya it's a small world mara mbili mfululizo, akaketi mbele kabisa wakati wa gwaride, na jioni akawa na nguvu za kuniuliza kesho tunaanzia wapi. Mwenye mzee wa kusafiri naye asisubiri uvimbe kama sisi.

Kwa foleni, programu ya simu ya bustani huonyesha muda wa kusubiri kila mchezo, na ndiyo iliyotuongoza. Kuna pia Disney Premier Access, huduma ya kulipia inayokupitisha njia ya haraka, na bei yake hubadilika kwa siku na kwa mchezo. Tuliinunua mara moja tu, kwa ajili ya mchezo mmoja alasiri, na nadhani kwa watu watano mara moja inatosha. Saa ya kwanza ya asubuhi na saa ya mwisho kabla ya kufunga zilitupatia michezo mingi zaidi bila kulipa senti. Mvua iliponyesha, tulijificha kwenye njia mbili zenye paa zinazopita nyuma ya maduka ya Main Street, barabara ya kuingilia bustanini, moja kila upande, na ukizijua unaweza kutoka langoni hadi karibu na ngome bila kulowa.

Kosa la mwisho lilikuwa kuzipanga siku nne mfululizo. Siku ya tatu watoto walikuwa wakigombania kiti cha treni saa mbili asubuhi, na tukaamua kurudi nyumbani mchana, wote tukalala, tukarudi saa kumi na mbili jioni. Kwa kuwa tulikuwa kituo kimoja tu mbali, jambo hilo liliwezekana, na jioni ile ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote: fataki juu ya ngome, mwanangu macho yamefumbuka kabisa mabegani mwa baba yake, ilhali usiku wa kwanza alizikosa kwa sababu alikuwa amelala fofofo. Ningepanga upya, ningeweka siku ya mapumziko baada ya siku mbili, na nisingenunua tiketi ya siku ya kufika.

Naipendekeza Disneyland Paris kwa familia yenye watoto wa rika tofauti, hasa yenye bibi au babu, kwa kuwa yapo ya kutosha yasiyohitaji urefu wala mbio. Kabla ya kununua chochote, wapime wote, na yule mnayemwita mkubwa awe wa kwanza. Sisi sasa tuna alama za penseli ukutani, nyuma ya mlango wa chumba cha watoto, na anayezisimamia ni binti yetu mwenyewe. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa sentimita 139 na nusu.