Seti ya spea za mashine ya theluji ya trekta: beringi poa, bolti tupa kule

Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja nimeinyima kwa sababu ya bolti, ntaeleza.

Nina katrekta kadogo ka bustani, mbele nafunga ile mashine ya kurusha theluji, skrubu kubwa inakusanya halafu feni ya nyuma inarusha kupitia bomba. Msimu uliopita ilianza kupiga kelele kama inatafuna mawe nikaipaki, baridi yote nikaimaliza na koleo mgongo ukaniambia. Sasa safari hii nimeagiza seti mapema kabla hata baridi haijaingia: beringi 2 za shafti, belti, kisu cha chini na bolti za usalama.

Beringi hazina maneno. Ile ya zamani ya kushoto nilipoichomoa gololi 3 zikadondoka chini zenyewe, ndo nikajua kelele ilikuwa inatoka wapi. Mpya zimeingia bila kupigwa nyundo na zina tundu la grisi. Belti sawa tu. Kisu tundu moja halikulingana, nikalipanua kidogo na drili, sio kesi.

Sasa bolti. Hizi ndo zinashikanisha skrubu na shafti yake, na kazi yake ni kukatika, yaani skrubu ikikwama kwenye jiwe au kipande cha kuni kilichoganda, bolti inakatika giaboksi inapona. Walizoniletea zina mistari 6 kichwani, hiyo ni chuma kigumu kabisa, haikatiki ng'o, kitakachokatika ni meno ya giaboksi! Nimeziweka pembeni nikatafuta zile laini zinazotajwa kwenye kitabu cha mashine.

Na hata ukiwa na bolti sahihi usijidanganye, kwanza zitoe zote halafu shika skrubu uizungushe kwa mkono, inatakiwa izunguke yenyewe shafti ikiwa imetulia. Yangu ilikuwa imeshikana kama imechomelewa, kutu tupu, maana yake bolti ingekatika au isingekatika skrubu ingebaki imeng'ang'ania shafti vilevile. Nikamwagia oili ya kulainisha kutu asubuhi na jioni, siku 3 nzima nagonga na nyundo ya mpira nabembeleza na spana ya bomba mbele nyuma mbele nyuma, hakuna kitu, siku ya 4 ikalia kwaaa ikasogea kama nusu inchi, aisee nilipiga kelele peke yangu bandani. Baada ya hapo ni kupampu grisi tu mpaka ile ya rangi ya kutu ikaisha ikaanza kutoka safi. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na seti haigusii hili hata kidogo, wala haisemi uchomoe waya wa plagi ya injini kabla hujaingiza mkono mle ndani, mimi niliuchomoa kwanza kabla ya kushika chochote na wewe fanya hivyo.

Juzi nimeiwasha dakika kama 5 hivi bila theluji, kelele imekata kabisa, feni inazunguka vizuri. Belti ndo bado sijaiona ikifanya kazi nzito, theluji ya kwanza yenye maji maji ikidondoka ntarudi kuhariri hapa.