Mikanda mitano kwa msimu mmoja: uzoefu wangu na seti ya klachi kwenye pikipiki ya theluji ya turbo

Mkanda wa tano, yaani ule wa mpira unaopeleka nguvu ya injini kwenye treki (ukanda mpana wa chini unaoisukuma mashine juu ya theluji), ulikatika katikati ya ziwa lililoganda, nikiwa nimebinya mafuta mpaka mwisho kwa muda usiofika sekunde kumi. Mlio kama wa risasi, injini ikapiga yowe maana haikuwa tena na mzigo wa kusukuma, kisha pikipiki ikaserereka taratibu hadi ikasimama. Nilibaki nimekaa juu yake nikihesabu. Msimu mmoja, mikanda mitano, na huo wa mwisho ulikuwa haujafikisha hata kilomita 60.

Mashine yenyewe ni ya silinda 3, cc 998, viharusi vinne, yenye turbo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi). Ikitoka kiwandani ina takriban nguvu za farasi 200, na kwa nguvu hizo mkanda mmoja ulinipeleka zaidi ya kilomita 2,000 bila manung'uniko. Baadaye tamaa ikanishika. Nikabadilisha programu ya kompyuta ya injini, nikaongeza presha ya turbo, nikafunga ekzosi pana zaidi, na mashine ya kupimia nguvu ikasoma 276. Klachi sikuigusa. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Kama umewahi kufungua skuta, unaijua mitambo hii. Klachi ya kwanza imefungwa kwenye kranki, ule mhimili unaozungushwa na injini. Ina sahani mbili zenye mteremko na vizito vitatu ndani yake. Injini ikizunguka kwa kasi, vizito vinarushwa nje, vinasukuma sahani moja kuelekea nyingine, na mkanda unabanwa na kupanda juu. Klachi ya pili, inayopeleka nguvu kwenye treki, inafunguka kadiri mkanda unavyovutwa ndani. Humo kuna springi na helikisi, kile kipande cha chuma chenye njia ya kujipinda ambacho huubana mkanda zaidi kadiri mzigo unavyozidi. Gia hakuna. Kila kitu kinategemea msuguano wa mpira na chuma.

Wazo lenyewe ni la zamani. DAF ya Uholanzi ilionyesha gari lake dogo la mikanda mwaka 1958, na kwa jinsi lilivyoundwa liliweza kurudi nyuma kwa kasi ileile ya kwenda mbele. Lakini lile lilikuwa na mikanda miwili kwa injini ya cc 590 na farasi 22. Mimi nilitaka mmoja ubebe 276.

Basi nikanunua seti kamili ya klachi kutoka kwa kampuni moja inayouza vifaa vya mashine zilizoongezwa nguvu. Jina silitaji, na mtaona kwa nini. Ndani ya boksi kulikuwa na vizito vitatu vyenye matundu ya kuongezea gramu, springi mbili, helikisi yenye mteremko mdogo kuliko ile ya kiwandani, na karatasi moja ya maelekezo.

Nianze na sifa, maana zipo. Injini yangu hutoa nguvu zake zote karibu na mizunguko 8,700 kwa dakika. Kwa vizito vya kiwandani ilikuwa ikiruka hadi 9,200 na kugonga kikomo, kwa sababu nguvu zilikuwa nyingi kuliko vizito vya kuzishikilia. Kwa seti hii niliongeza gramu hatua kwa hatua, nikajaribu, nikaongeza tena, hadi mshale ukatulia pale pale 8,700. Napenda pia kwamba unaweza kuchagua mahali pa kuweka uzito. Gramu ukiiweka kwenye ncha ya kizito utaihisi zaidi mwendo ukishakuwa mkubwa. Ukiiweka karibu na egemeo, utaihisi mapema wakati wa kuondoka. Nayo helikisi mpya ilifanya mashine ishuke uwiano haraka, kama gari linalorudi gia ya chini, nikiachia mafuta na kubinya tena, jambo lenye maana kubwa kwenye theluji nzito.

Sasa kero. Niliweka vizito vitatu kwenye mizani ya kidijitali kabla ya kufunga, kwa tabia tu ya kutoamini mtu, nikakuta kimoja kimezidi wenzake kwa gramu 0.6. Katika kitu kinachozunguka zaidi ya mara 8,000 kwa dakika, hiyo ni mtikisiko wa bure kwenye kranki. Nikakitia tupa mpaka vikalingana. Mtu aliyelipia kifaa cha namna hii hakupaswa kushika tupa. Na ile karatasi ya maelekezo ilikuwa na jedwali zuri la gramu na springi, bila neno hata moja kuhusu kunyoosha klachi, yaani kuzipanga zote mbili zitazamane sawasawa.

Na hapo ndipo penyewe. Baada ya kufunga seti, mizunguko ilikuwa safi, mwondoko ulikuwa safi, na mkanda wa nne ukafa kwa kilomita 140. Nikalaani mkanda. Nikanunua wa tano, wa kampuni nyingine, wenye nyuzi imara zaidi. Yaliyoupata ule wa tano nimekwisha kuyasimulia.

Mjumbe hauawi, walisema wazee, na mimi nilikuwa nimetupa wajumbe wanne kwenye pipa la taka bila kuwasikiliza. Wa tano nilirudi nao nyumbani, nikaviweka vipande mezani. Mkanda ulioteleza kwa kukosa kubanwa hung'aa ubavuni kama kioo. Ulioungua sehemu moja tu, ukabaki na kiuno kama nyigu, umekufa kwa sababu klachi ilizunguka huku treki imegoma, mara nyingi imeganda kwenye barafu asubuhi. Meno yakinyofoka, kuna mshtuko mkali mahali fulani. Wangu haukuwa na hata moja kati ya hayo. Ulikuwa umechanika nyuzi za ukingo wa upande mmoja tu, ule wa ndani, na vumbi jeusi lilikuwa limejaa upande huohuo wa boksi la klachi.

Kwa hiyo klachi hazikuwa zikitazamana. Lakini nilipopima kwa chuma cha kunyooshea, injini ikiwa imezimwa, zilikuwa sawasawa! Nilizunguka gereji siku mbili na fumbo hilo. Jibu lilikuwa kwenye mipira inayoshikilia injini. Ukibinya mafuta yote, mkanda unavuta klachi ya kwanza kuelekea ya pili kwa nguvu kubwa, mipira inabonyea, na injini inajipinda kidogo. Kwa farasi 200 inajipinda kwa kiasi ambacho kiwanda kilikwisha kukikadiria. Kwa 276 inapita hapo, kizuizi cha injini cha kiwandani, ile bolti ya kuizuia isijipinde kupita kiasi, kiko mbali mno au kimelegea (changu kilikuwa kimelegea), na kile ulichokinyoosha gereji kinakuwa kimepinda ukiwa safarini.

Nikafunga mipira migumu zaidi na kurekebisha bolti ya kizuizi ili iishike injini mapema. Hivyo vifaa viwili ni vidogo, hata havina sura ya kumwonyesha rafiki, na vilifanya kazi kuliko seti nzima. Seti yenyewe siikatai. Bila ile gramu ya ziada mkanda ungeendelea kuteleza. Ila muuzaji anayekuuzia vizito vya farasi 280 bila kukwambia habari ya mipira ya injini amekuuzia nusu ya kazi.

Kitu kingine nilichonunua, na hiki nakipa alama zote: kipimajoto cha mkanda, kile cha kihisi ndani ya boksi la klachi na skrini ndogo kwenye usukani. Mkanda wangu sasa hutembea kati ya nyuzi 60 na 80 za Selsiasi. Ikipanda kuelekea 100, naachia mafuta na kuiacha mashine iende polepole ili hewa izunguke. Kabla ya kuwa nacho nilitumia kiganja: nasimama, nazima injini, nafungua kifuniko, nagusa klachi moja baada ya nyingine. Kiganja kikikaa bila shida, salama. Ukikitoa kwa kushtuka, ile iliyokuunguza ndiyo yenye kesi. Kifuniko usikifungue injini ikiwa inaunguruma, hata kwa sekunde moja. Mkanda ukikatika pale, vipande vinakufuata wewe.

Mkanda wa sita niliuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikafuta sahani kwa asetoni, kisha nikauzoesha kwa kilomita 80 za upole bila kuufikisha mwisho hata mara moja. Asubuhi nainua nyuma na kuitikisa treki ili iachane na barafu. Pia nilisafisha nyuma ya klachi ya kwanza, nikakuta nyuzi za mikanda iliyokufa zimejiviringisha kwenye kranki, zimeanza kutafuna sili ya mafuta. Jamani, mkanda ukikatika hesabu vipande. Kama kimoja hakionekani, kipo mahali kinafanya uharibifu.

Seti ya klachi naipa tatu kwa tano. Ningeipa nne kama vizito vingekuwa na uzito sawa, na tano kama ile karatasi ingekuwa na mistari mitatu kuhusu mipira ya injini. Mkanda wa sita una kilomita 1,180 sasa. Nimeupima upana juzi, umepungua chini ya milimita moja, na kingo zote mbili zimechakaa sawa. Ule wa saba uko kwenye begi la nyuma, bado umo ndani ya karatasi yake.