Jane Eyre: mtoto aliyeitwa mwongo

Haya, karibuni tena. Leo mezani ninayo Jane Eyre ya Charlotte Brontë, riwaya ya Uingereza iliyotoka Oktoba 1847. Sura 38, na hii nakala yangu, kama mnavyoiona, ukiishika kwa mkono mmoja utachoka kabla ya kufika mbali. Mambo ya jalada na maandishi nitayagusa mwishoni. Kwanza tumalizane na huyu msichana.

Na niseme mapema: leo namwaga mtama penye kuku wengi. Kitabu kina zaidi ya miaka 170, sifichi kitu. Kama hutaki kujua ni nani aliyekuwa amefungiwa ghorofa ya juu, simamisha video hapa hapa, kasome, halafu urudi.

Ukiwauliza watu hiki ni kitabu cha nini, wengi watakwambia mapenzi. Msichana maskini, tajiri mkali, jumba kubwa, harusi inayovunjikia kanisani. Sikatai, vyote vimo. Lakini huyo tajiri, Rochester, anatokea sura ya 12! Kabla yake kuna mtoto wa miaka 10, na mimi nilimfuata yeye mpaka ukurasa wa mwisho, kwa sababu yule mtoto ana kesi. Ameitwa mwongo. Ukishalishika hilo, riwaya nzima inasomeka kama ushahidi wa mtu aliyechafuliwa jina akiwa mdogo.

Twende Gateshead. Jane ni yatima, analelewa na Bi. Reed, mke wa marehemu mjomba wake. Amejificha nyuma ya pazia la dirisha anasoma kitabu cha ndege. Binamu yake John, kijana wa miaka 14, anamtoa pale, anamwambia vitabu vya nyumba hii si vyako, kisha anamrushia kile kile kitabu. Jane anaanguka, anagonga kichwa mlangoni, damu inamtoka. Anarudisha mapigo. Sasa nani anaadhibiwa? Jane. Anafungiwa Chumba Chekundu, chumba alichofia mjomba wake. Giza linaingia, anaona mwanga unacheza ukutani, anadhani ni mzimu, anapiga kelele. Bi. Reed anakuja, anamtazama, anasema huyu anaigiza. Anamrudisha ndani na kufunga mlango. Mtoto anazimia.

Baadaye anaitwa Bw. Lloyd, mtengeneza dawa. Angalia jicho la mwandishi hapa: Bi. Reed mwenyewe na wanawe wakiugua anaitwa daktari, watumishi wakiugua anaitwa huyu mtengeneza dawa. Jane kawekwa kundi la pili, na wala halalamiki, anatutajia tu. Lakini Bw. Lloyd anafanya jambo ambalo hakuna mtu mzima wa nyumba ile aliyewahi kulifanya: anamuuliza mtoto una nini, na anasubiri jibu. Mkumbukeni, atarudi.

Kisha anakuja Bw. Brocklehurst, msimamizi wa shule ya Lowood, na sehemu hii mimi inanichekesha kila mara. Anamuuliza Jane, utafanya nini ili usiingie motoni? Jane anafikiri kidogo, anajibu kwamba atatunza afya yake asife. Jibu la mtoto aliyesikiliza swali vizuri kuliko muulizaji! Ila kicheko hakidumu, maana pale pale Bi. Reed anamwonya mgeni kwamba mtoto huyu ana tabia ya uongo. Yaani Jane hajafika shule, na jina lake limeshatangulia kuharibika.

Mgeni akishaondoka, Jane anamgeukia Bi. Reed. Anamwambia kwa maneno haya hivi: mimi si mwongo, ningekuwa mwongo ningesema ninakupenda, na ninasema wazi kwamba sikupendi.

Jamani. Huyu ana miaka 10. Hana baba, hana mama, chakula anachokula ni cha huyu mama anayemwambia hivyo. Uongo mdogo tu, "nakupenda mama", pengine ungemnunulia amani ya wiki nzima. Yeye anautumia ukweli unaomgharimu kama ushahidi wa kwamba anasema kweli. Nimesoma mawakili kwenye riwaya wakijenga hoja kurasa tatu bila kufika hapo.

Lowood sasa. Uji umeungua, baridi kali, wasichana 80. Brocklehurst anaamuru nywele za wanafunzi zikatwe, na papo hapo mkewe na binti zake wanaingia na mahameli, hariri na nywele zilizosokotwa. Jane anaangusha kibao chake cha kuandikia, kinavunjika, anaonekana. Anasimamishwa juu ya stuli mbele ya shule nzima na kutangazwa kuwa ni mwongo. Hakuna kuzungumza naye siku ile.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, na nina wasiwasi wasomaji wengi huipita mbio wakimkimbilia Rochester. Mwalimu mkuu, Bi. Temple, anamwita Jane chumbani kwake na kumwambia, mshitakiwa ana haki ya kujieleza, hebu jieleze. Jane kabla ya kusema anakumbuka maonyo ya rafiki yake Helen Burns kuhusu kukumbatia kinyongo. Basi anapunguza makali. Anapanga mambo yaende kwa mfuatano, hatii chumvi, nyongo anaiweka pembeni. Na yeye mwenyewe anagundua, huku akiongea, kwamba hadithi ikipunguzwa hivyo inaaminika zaidi. Bi. Temple anamwandikia Bw. Lloyd kuthibitisha. Majibu yanakuja, maelezo yanalingana, na Jane anasafishwa mbele ya shule ile ile.

Kwangu mimi hapo ndipo msimulizi wa kitabu hiki anapojifunza kazi yake. Ruka mbele uone: Jane amekua, ni mwalimu nyumbani kwa Rochester, na harusi yao imevunjika, ameambiwa bwana harusi ana mke hai. Jane anafanya nini? Anaingia chumbani, anafunga mlango kwa komeo, anavua gauni la harusi, anavaa lile la kawaida alilovaa jana yake. Anakutajia gauni kwanza. Machungu yanafuata, na yakija yanakuzamisha, kwa sababu hakukupigia kelele tangu mlangoni.

Helen mwenyewe anafariki kwa kifua kikuu, wakati homa ya tifasi inaifagia shule na wasichana 45 kati ya 80 wamelala kwa mpigo. Wapo waliosema Helen ni mwema kupita kiasi, hakuna mtoto wa hivyo. Charlotte alijibu kwamba alikuwepo kweli, na kwamba hakumtilia chumvi. Dada zake wakubwa wawili, Maria na Elizabeth, walipelekwa shule ya Cowan Bridge, wakaugua, wakafa mwaka 1825. Maria, ambaye ndiye mfano wa Helen, alikuwa na miaka 11. Kwa hiyo hata nyuma ya kitabu kuna mtu anayesema: niaminini, niliona.

Na waongo wa kweli? Ni watu wazima. Rochester anamfikisha Jane altareni huku mkewe, Bertha, mgonjwa wa akili, amefungiwa ghorofa ya tatu. Bi. Reed, akiwa kitandani anakata roho, anakiri kwamba ami yake Jane aliandika barua akimtafuta, na yeye akamjibu Jane amekufa kwa homa Lowood. Yule aliyempa mtoto jina la mwongo! Jane anamsamehe. Bi. Reed hataki hata huo msamaha.

Ila mwandishi hamwachi Jane awe malaika. Akishamkimbia Rochester, akaokotwa na akina Rivers, anajitambulisha kwa jina la uongo, Jane Elliott. Na kitabu chenyewe kilitoka kikijiita tawasifu, kimehaririwa na Currer Bell, mtu ambaye hakuwepo: ni jina la kubuni la Charlotte mwenyewe. Nadhani Charlotte alikuwa anacheka chini kwa chini.

Lawama yangu sasa. Bertha. Jane anajua ladha ya kufungiwa chumbani na kusemewa na wengine kwamba wewe ni tatizo. Kuna mahali anamkemea Rochester kwa kumchukia mgonjwa asiyejichagulia ugonjwa, na nilimpenda kwa hilo. Basi, hapo hapo linaishia. Karibu habari zote za Bertha, tangu Jamaica mpaka anafungiwa, tunazipata kwa mdomo wa mumewe, mtu tuliyemkamata akidanganya dakika chache zilizopita. Hakuna Bw. Lloyd wa kuandikiwa barua. Kitabu kilichojengwa juu ya haki ya kujieleza kinamnyima mtu mmoja, naye anakufa bila kutuambia neno.

Sehemu ya St. John Rivers naye, mchungaji wa ile familia iliyomwokota Jane, anayetaka kumwoa ampeleke India, inavuta mno. Unaruhusiwa kuchoka.

Kuhusu nakala: hii yangu maandishi ni madogo na haina maelezo yoyote chini ya kurasa. Adèle, mtoto anayefundishwa na Jane, anabwabwaja Kifaransa ukurasa baada ya ukurasa, na usipokijua unabaki nje ya mlango. Tafuta toleo lenye maelezo. Haki za mwandishi zilishaisha zamani, kwa hiyo mtandaoni kinapatikana bure kihalali kama hutaki kununua. Na ukikutana na toleo lililofupishwa, kabla hujatoa hela fungua sura ya 8 uone Bi. Temple anamwuliza Jane au hamwulizi. Kama wameikata, rudisha rafuni.